Ombi la Alhamisi, Jambo la Jumatatu

Mtu akikuuliza, mabomu yakiwa yametulia kidogo, "Mama Prudence, kaka yako Mbusa anakaa wapi siku hizi?", lazima uanze kuhesabu watoto wako. Kwetu sisi watu wa Butembo swali hilo haliulizwi bure. Kifo cha mtoto hakitamkwi mbele ya mama yake na mtu baki. Kinapelekwa kwanza kwa mjomba, kaka wa mama, na yeye ndiye anayekuja, anaketi, anaomba maji, hayanywi, halafu anataja jina. Kabla ya hapo hata aliyeona kwa macho yake anafunga mdomo. Desturi hiyo nimeikuta na nimeifuata, lakini siku ile nilimlaani aliyeianzisha.

Aliyeniuliza aliitwa Arthur. Alikuwa na toleka, ile baiskeli ya kubeba watu yenye kiti cha sponji nyuma, na alikuwa jirani wa mdogo wangu Claudine kule komini ya Tshopo. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa sita, mwaka elfu mbili. Tangu Jumatatu jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalikuwa yanapigana ndani ya mji wetu wa Kisangani. Watu husema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Aka! Tembo wale hawakuwa hata wa msitu wetu.

Na Prudence wangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa kwa Claudine. Alikwenda huko kusoma pamoja na Joëlle, binti wa Claudine, maana wote wawili walikuwa wanajitayarisha kwa mtihani wa serikali. Vita vikawakuta huko. Sisi tulikuwa huku Mangobo, na katikati yetu zilikuwa barabara ambazo hata mbwa hakuthubutu kuzivuka; Arthur alipenyaje, sijui.

"Unamutafutia nini Mbusa?" nikamuuliza Arthur.

"Bure tu, mama. Niko na mambo kidogo naye."

"Mambo gani wakati wa bombe? Weye na Mbusa hamujuane hata!"

Akaanza kuchezea kengele ya baiskeli. Nikaushika usukani kwa mikono miwili. "Arthur, niangalie huku. Ni nani?"

"Mama, muniache niende. Hii haiko kazi yangu."

"Sikuachi! Utalala hapa na hiyo toleka yako!"

Alikuwa mwanaume mwenye misuli, angeweza kunisukuma, lakini hakunisukuma. Alisimama tu, jasho linamtiririka, macho chini. Na hapo mabomu yakaanza tena, moja upande wa mto, jingine karibu zaidi, na mume wangu akatoka mbio akatuvuta wote wawili ndani, na baiskeli pia, kwa sababu sikuwa nimeuachia usukani.

Mimi nauza maharagi kwa jumla. Ndiyo maana tulikuwa hai. Tulikuwa tumepanga magunia kuzunguka kitanda, juu mpaka kifuani, na sisi ndani kama panya wa ghala. Arthur akajikunja kati yangu na mume wangu. Fikiria jambo hilo. Mtu anayejua kama mtoto wako ni mzima au amekufa, goti lake limegusa goti lako, na hasemi.

"Sema tu kama ni wote wawili," nikamwambia. "Hilo tu."

"Hapana, mama, ni binti mumoja tu. Bombe iliangukia nyumba Jumatatu asubuyi, Mama Claudine alikuwa soko..." Akajifunga mdomo kwa kiganja. Mdomo uliponza kichwa. Nikambana, nikamsihi, nikamtukana, lakini kuanzia hapo Arthur alikuwa ukuta.

Binti mmoja. Na msifikiri kimya chake kilinionyesha kitu. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Joëlle aliniita Mama Mukubwa. Mjomba wake ni huyohuyo Mbusa. Angekuwa ni Joëlle, nisingeambiwa. Angekuwa ni Prudence, nisingeambiwa. Desturi ile ilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa umefungwa.

Bon. Sasa lazima niwaambie juu ya mume wangu, la sivyo hamtaelewa kilichotokea nyuma ya magunia yale.

Wenceslas alikuwa mwalimu wa dini katika sekondari. Alikaa seminari kubwa miaka mingi, akatoka kabla ya upadri. Watu wa parokia wanasema alitoka kwa sababu yangu. Yeye anasema alitoka kwa sababu ya swali. Mimi nasema swali halijawahi kumfulia shati, lakini tuache.

Swali lenyewe ni hili. Mungu hapokei kitu kwa mtu, kwa sababu hapungukiwi na kitu. Hapo wote tunasema amina. Lakini Mungu anajua pia nitakachochagua kesho. "Anajuaje?" Wenceslas alikuwa anauliza, kidole juu, chakula kinapoa, halafu ananitolea mfano mimi, Kanyere wake. "Tuseme kesho Kanyere atapika maharagi. Kama Mungu anajua kwa sababu Kanyere atapika, basi ujuzi wa Mungu unatoka katika sufuria ya Kanyere. Muumba anategemea sufuria! Na kama Kanyere atapika kwa sababu Mungu alikwisha kujua, basi Kanyere haiko, iko ngoma tu inayopigwa."

"Papa Prudence," nilikuwa namjibu, "weye mwenyewe unategemea hiyo sufuria kila siku, na bado unajiita mutu huru." Prudence alikuwa anacheka mpaka miwani inamwanguka kwenye sahani.

Wenceslas hakucheka. Kwake mambo hayo yalikuwa damu. Na kwa kuwa hakupata jibu, alichagua upande: Mungu asiguswe. Tangu tuoane sikuwahi kumsikia akimwomba Mungu kitu. Anashukuru, basi. Asubuhi asante, mezani asante. Zile mimba zangu za kwanza zilipoharibika, mimi nilikuwa ninalia na rozari yangu, na yeye akapiga magoti kando yangu akasema asante. Nilitaka kumpiga na mwiko. "Kuomba," akaniambia siku ile, "ni kumuonyesha Mungu kitu ambacho hakuwa nacho. Mimi siwezi kumutukana hivyo." Nilimpenda, lakini kuna siku mtu unamchoka unayempenda.

Sasa tuko nyuma ya magunia. Vumbi linamwagika toka darini. Nikatoa rozari shingoni, nikapiga magoti vile nafasi ilivyoruhusu.

"Unaomba nini?" Wenceslas akauliza.

"Unajua ninaomba nini."

"Kanyere." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulinichoma zaidi. "Jambo ni la Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Maji yakimwagika hayazoleki. Yule aliyekufa alikwisha kufa, yule mwingine alikwisha kupona. Hakuna kitu cha kuomba."

"Kwako weye. Mungu, ile Jumatatu, hakujua kama mimi leo nitapiga magoti?"

Akaanza kufuta vumbi usoni.

"Prof, ninakuuliza! Alijua ao hakujua?"

"Alijua," akasema.

"Basi kama alijua, Jumatatu alikuwa tayari ananisikia."

Nilimwona anageuka rangi. Nilikuwa nimelichukua swali lake la miaka yote, nikaligeuza kama gunia, nikamwagia miguuni pake. "Unasema nini, mama?" akanong'ona. "Bombe iko hewani, na Muumba wa mbingu na dunia anageuka kwanza, anaangalia mama wa maharagi wa Mangobo atasema nini Alhamisi? Anangojea mudomo yako?"

"Ndiyo!" Nilipiga kelele kuliko bomu. "Aangalie! Aningojee! Kama hataki kunisikia, mudomo alinipa ya nini?"

Arthur akafanya ishara ya msalaba. Bomu moja likaanguka jirani, nyumba ikatikisika, gunia moja la juu likapasuka na maharagi yakatumiminikia vichwani. Hakuna aliyeyakung'uta.

Yalipotulia, Wenceslas akaniuliza tena, na safari hii hakukuwa na mabishano ndani ya sauti yake. "Haya. Tuseme alikungojea. Utamuambia nini? Ni binti mumoja, Kanyere. Ukimuambia Prudence abaki, umemuambia nini juu ya Joëlle?"

Mungu wangu. Naapa sikuwa nimefikiri. Joëlle! Joëlle aliyekuwa ananisuka nywele kila Jumapili, anakipiga kichwa changu na kitana, "Mama Mukubwa, utulie! Kichwa yako haiko ya mbuzi!" Hasira zote za ukoo wetu zilikuwa zimemwingia msichana yule, na akikasirika alikuwa mzuri zaidi. Nilimbeba mgongoni kabla sijambeba Prudence.

Nikafungua mdomo hata hivyo. Mimi ni mama. Nikasema, "Mungu, huyo binti mmoja asiwe..." Na hapo nikakamatwa.

Sijui niseme vipi. Nilijua kwamba ninasikilizwa. Si sasa. Nilikuwa ninasikilizwa toka Jumatatu, na kabla ya Jumatatu, kabla ya mji huu kuwa na jina. Neno ambalo lilikuwa bado juu ya ulimi wangu, ambalo mimi mwenyewe sikujua kama nitalitamka au nitalimeza, lilikuwa limekwisha kufika. Na hakuna aliyelivuta. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa huru kiasi cha kuogopesha, huru kama mtu aliyeachwa peke yake kwenye madhabahu. Nilikuwa nimemjua Mungu tangu ubatizo, lakini sikuwahi kumwogopa hivyo, wala sikuwahi kujua kwamba aweza kukaa karibu namna ile, akanyamaza namna ile.

Nikafikiri, kama kweli alinisikia Jumatatu, basi neno hili nitakalosema lina uzito wa bomu. Naweza kuliweka juu ya kichwa cha mtoto wa dada yangu.

Nikafunga mdomo. Kisha nikasema, polepole sana, maana nilijua ninasema na nani: "Mungu, usiningojee. Sikupi jina. Kama Jumatatu ulinigeukia kuniuliza, basi jibu langu ni hili, fanya kama vile mimi sipo. Usije ukasema ni Kanyere."

Nikainama, nikakaa hivyo, nikilia bila sauti. Miaka yote nilikuwa namdhihaki mume wangu kwa kutaka Mungu asiguswe na mtu, na kumbe mimi ndiye niliyemwambia Mungu aende zake huru.

Na unajua nilichosikia baada ya hapo? Kando yangu, paji la uso likiwa limegandamana na gunia, Wenceslas alikuwa anasema, "Prudence. Prudence. Nakuomba, Prudence. Prudence." Yule mtu ambaye hakuwahi kuomba hata mvua. Alikuwa anaomba kama mtoto anayeng'ang'ania nguo ya mama yake sokoni. Nilitaka kumziba mdomo, nilitaka kumwambia na Joëlle je, lakini sikuweza. Nikaweka mkono wangu mgongoni pake, nikauacha pale.

Arthur ndiye aliyesema baada ya hapo. "Prof. Mama. Mimi najua jina. Toka Jumatatu niko najua. Niliona, na kuona kwangu hakukumutoa mutu mule ndani." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Sasa kama Mungu naye iko anajua, na siye batu tunafanya vile tunataka, na yeye anaangalia, ananyamaza... mimi namuonea Mungu huruma. Muzigo yake ni mukubwa."

Wenceslas aliinua uso, maharagi yamemwachia alama kwenye paji. Akamgeukia Arthur. Sijui kama katika vitabu vyake vyote mtu aliwahi kumwonea Mungu huruma.

Mabomu yalipopumzika tena, nilimwelekeza Arthur nyumba ya Mbusa, kule Kabondo, karibu na kisima. Akapanda toleka yake akaenda. Sikumwuliza tena.

Jumamosi bunduki zilinyamaza. Kimya chenyewe kilitutisha. Watu walitoka mmoja mmoja, wanatazama juu, wanatazama paa zao. Tulikaa mlangoni, mimi na Wenceslas. Mbusa alitokea mwisho wa barabara, anatembea kwa miguu, amevaa koti lake la misa.

Aliingia. Akaketi. "Dada, unipe maji." Nikampa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa, akakiweka chini.

"Ni Joëlle," akasema.

Nililia. Msiniulize nililia vipi. Nililia jina la Joëlle kwa nguvu zote, na chini kabisa ya kilio hicho, Mungu anajua, kulikuwa na kitu kinaruka kwa furaha, na nilikichukia kitu hicho, na hakikuacha kuruka. Mbusa alijua. Aliningoja nilie hadi koo likakauka. Kisha akatoka nje, akapiga mluzi, na Prudence akatokea nyuma ya ukuta wa jirani, mguu umefungwa kitambaa, hana miwani, anapapasa hewani. Mbusa alikuwa amemzuia pale makusudi. Furaha haitangulii kilio kuingia nyumbani.

Baba yake alimfikia kabla yangu. Alimshika uso, akamwachia, akamshika tena.

Mbusa akatueleza alichoambiwa na majirani. Bomu la kwanza liliipiga nyumba upande wa jikoni. Wasichana wote wawili walitakiwa kukimbilia kwa jirani, kwenye nyumba ya matofali. Joëlle alifika. Alikuwa amekwisha kuingia, yuko salama, watu wanamwona. Akageuka, akaona mwenzake hayupo; majirani walidhani amenaswa ndani. Wakamshika, akajinyofoa. Alirudi mbio akipiga kelele, "Prudence! Prudence!", mtaa mzima ulimsikia. Akamkokota mpaka mlangoni, akamsukuma nje. Bomu la pili likaja.

"Alikuwa amekwisha kufika?" Wenceslas akauliza.

"Ndiyo, shemeji."

"Hakuna mutu alimutuma?"

"Nani angemutuma? Walimukataza."

Wenceslas akakaa chini sakafuni, pale pale, mwalimu mzima na suruali yake ya kufundishia. Alikuwa anatazama mbele kama anaona kitu kikubwa kinapita barabarani. "Hakutumwa," akasema. "Basi ile ni yake. Ile haikutoka kwingine. Mungu alikuwa anaijua milele yote, na bado ilitoka kwa Joëlle." Akafungua viganja vyake mapajani. "Joëlle alimupa Mungu kitu. Yeye ambaye hapungukiwi na kitu, akakaa hivi, akafungua mikono, akapewa na mutoto."

"Si ulisema hapokei?" nikamuuliza, na sikuwa ninamtania.

"Nilisema hakuna anayeweza kumulazimisha kupokea," akajibu. "Sikufikiri kama anaweza kutaka."

Matanga yalifanyika katika kiwanja cha Claudine, chini ya turubai, maana nyumba haikuwepo. Nilileta gunia lile lililopasuka, tukawapikia watu. Claudine alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa wazi, macho makavu. Nilipokaa kando yake akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akaniuliza jambo nililokuwa ninaliogopa kuliko mabomu.

"Yaya, Arthur aliniambia mulijua ni mumoja, hamukujua ni nani. Muliomba abaki nani?"

"Sikutaja jina," nikamwambia. "Nakuapia, mudogo wangu."

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini Wenceslas alikuwa nyuma yangu, akapiga magoti mbele ya shemeji yake, mbele ya watu wote. "Mimi nilitaja," akasema. "Nilisema Prudence. Nilisema mara nyingi. Claudine, nilijua maana yake, na nikasema."

Wanawake wakaacha kuimba. Mtu mmoja akasema, "Mama eeh!" Mimi nilikuwa tayari kumkinga, kama Claudine angenyanyua mkono.

Claudine alimtazama bila kupepesa. "Ulisema siku gani?"

"Alhamisi."

"Ulichelewa, shemeji," akasema. "Joëlle yangu alisema jina hiyo Jumatatu. Yeye ndiye alitangulia." Na hapo ndipo machozi yakamtoka, kwa mara ya kwanza, na mume wangu akamshika mikono, wakalia pamoja mpaka turubai likaingia giza.

Baada ya hapo Wenceslas akawa mtu mwingine. Hakuacha kufundisha, hakuacha kuinua kidole mezani. Lakini kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shule, alikuwa anapiga magoti katika ghala, kati ya magunia. Mwanzoni sikujua anafanya nini humo. Siku moja nikasimama mlangoni na ungo wangu, nikamsikia.

"Bwana, Joëlle asiogope. Wakati anarudi mule ndani, asiogope. Nakuomba hiyo tu."

Nikangoja amalize. Nilimwonea huruma, lakini mimi ndivyo nilivyo, sikuweza kumwacha hivi hivi. "Papa Prudence," nikasema, "jambo la zamani hilo. Maji yakimwagika hayazoleki. Si ulinifundisha weye?"

Akageuka, magoti bado sakafuni. "Limekwisha kwa nani?" akaniuliza.

Nikaendelea na kazi yangu.

Aliomba hivyo Jumatatu baada ya Jumatatu, mpaka mvua kubwa zikaja, mpaka paa zikapata mabati mapya. Prudence alifaulu mtihani wake. Kuhusu siku ile hakuwa amesema neno, si kwangu, si kwa baba yake. Ukimwuliza anatoka nje. Na juu ya sala ya baba yake hakujua kitu, maana saa ile yeye alikuwa mtoni anachota maji, na mimi sikumwambia.

Kisha Jumapili moja, baada ya misa, nilikuwa ninachambua maharagi uani, Wenceslas anasahihisha kazi za wanafunzi. Prudence akaja akasimama mbele yetu. Alikuwa amevaa miwani mipya, ndiyo kwanza imefika toka Butembo. Akaivua, akaishika mkononi.

"Ilikuwa sababu ya miwani," akasema. "Sikunaswa na kitu. Miwani ilianguka, nikarudi kuitafuta chini ya meza. Joëlle alirudi sababu ya ile."

Wenceslas akaweka kalamu chini.

"Nasikia batu wanasema alilia, aliogopa sana. Si kweli. Papa, hakuogopa hata kidogo. Nilimuona karibu hivi, uso yake hapa. Alikuwa na hasira tu. Alinitukana toka chini ya meza mpaka mulangoni. 'Punda weye, miwani itakupeleka mbinguni?' Alinivuta sikio, papa! Bombe zinaanguka, na yeye ananivuta sikio. Hakuogopa. Nilitaka mujue tu."

Wenceslas alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yalianza kumtikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka; kisha nikasikia ni vyote viwili. Prudence alinitazama, hakuelewa, akapiga magoti akamshika baba yake. Na mimi nikawa nimekaa pale na ungo mapajani, mkono ndani ya maharagi, nikimsikia Joëlle anamtukana mwanangu mpaka mlangoni, na sikuweza kuendelea kuchambua.